Kusokota nyuzi nano za PCL na haidroksiapataiti kwa umeme: dalili, vyanzo na marekebisho

Kusokota kwa umeme ni kuvuta myeyusho wa polima kutoka ncha ya sindano kwa volteji kubwa, hadi uwe nyuzi nyembamba zinazotua kwenye bamba na kufanya mkeka. Kusokota polima tupu si kazi ngumu kuizoea. Ukiongeza chembe za madini, mambo huharibika kwa mkupuo: sindano inaziba, nyuzi zinajaa mabonge, mkeka wa leo haufanani na wa jana. Lawama hutupiwa pampu au pawa saplai. Mara nyingi vifaa hivyo vinasingiziwa tu. Tatizo liko ndani ya chupa ya myeyusho, na lilianza jana yake, poda ilipokuwa inachanganywa.

Mwongozo huu unahusu mchanganyiko unaotumika sana kutengeneza viunzi vya kukuzia mfupa: polikaprolaktoni (PCL), aina ya plastiki, na haidroksiapataiti ya nano (HA), madini ya kalsiamu na fosfeti yanayokaribiana na yale ya mfupa wenyewe. Vipimo vya kuanzia ni hivi, kwa myeyusho wa takriban ml 10:

PCL yenye uzito wa molekuli karibu 80,000, g 1.2. HA, g 0.12. Klorofomu ml 7.5 na methanoli ml 2.5. Sindano butu ya 21G, mtiririko ml 1 kwa saa, kV 15, umbali sm 15 kutoka ncha hadi bamba, joto nyuzi 22 hadi 26 za Selsiasi, unyevu hewani asilimia 35 hadi 50.

Kabla ya kugusa kitufe chochote, fanya jaribio moja: tengeneza myeyusho wa PCL tupu kwa vipimo hivyohivyo, bila HA, kisha usokote kwa dakika 20. Ukitoka vizuri, mashine ni nzima, nenda kwenye poda na uchanganyaji. Ukikataa pia, ndipo uangalie umeme, pampu na hewa ya chumba. Anayeruka hatua hii huishia kubadilisha vitu vinne kwa wakati mmoja na asijue kipi kimemsaidia.

Sindano inaziba

Hili ndilo lalamiko namba moja. Zima umeme, gusisha sindano kwa fimbo ya ethi (iliyounganishwa na ardhi ili kuondoa chaji), kisha itazame ncha kwa lenzi. Kilichoziba kitakuambia chanzo chake. Ukiona ngozi laini inayobanduka na kuvutika, ni polima iliyokauka. Ukiona kitu cheupe kinachokwaruza ukikisugua kati ya kibano na kioo, ni mabonge ya HA.

Polima kukauka ndiyo sababu ya kawaida zaidi. Klorofomu huchemka nyuzi 61 na methanoli 65, kwa hiyo tone linaloning'inia kwenye ncha hukauka upesi kuliko linavyovutwa. Anza na mambo mepesi: feni au kiyoyozi kisipulize moja kwa moja kwenye sindano, halafu ongeza mtiririko kwa ml 0.2 kwa saa. Kifute kichwa kilichokauka kwa kijiti kirefu cha plastiki chenye karatasi laini, umeme ukiwa umezimwa. Tatizo likiendelea, badilisha methanoli yote au sehemu yake kwa DMF (dimethilifomamidi), kiyeyushi ambacho huchemka nyuzi 153 na hivyo huchelewa kukauka. Ila DMF hudhuru ini na uzazi, na ikizidi utaletewa tatizo la mkeka mbichi lililoelezwa huko chini.

Maabara zilizo kwenye miinuko zina kisa chao. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa karibu asilimia 18. Kiyeyushi hukauka upesi zaidi, na hewa nyembamba hupitisha cheche kwa volteji ndogo zaidi. Vipimo vilivyoandikwa na maabara ya pwani au ya Ulaya havihami vilivyo. Shusha kV 1 au 2 kwanza, ndipo upande taratibu.

Sababu ya pili ni mabonge. Tundu la 21G lina upana wa takriban mm 0.5, na bonge moja halilizibi. Huanza kunasa kwenye polima iliyoanza kukauka mdomoni, mengine yakajipanga nyuma yake. Ndiyo maana sababu hizi mbili huonekana pamoja. Kutumia sindano nene ya 18G kutakuondolea mziba, lakini mabonge yataingia kwenye nyuzi badala ya kubaki kwenye sindano. Hapo umehamisha tatizo tu.

Sababu ya tatu husahaulika: bomba la sindano lenyewe. Klorofomu huvimbisha mpira wa pistoni. Pampu inasukuma, pistoni imekwama, hakuna kinachotoka, halafu ghafla linaruka tone zima. Aliye mbele ya mashine huona mziba unaokuja na kuondoka. Tumia bomba la kioo, au la polipropilini lisilo na mpira. Polistireni na polikaboneti huyeyuka kabisa, na hii inahusu pia viungio na koki ndogo za plastiki.

Poda inazama chini ya chupa au ndani ya bomba

Weka ml 2 za myeyusho kwenye kichupa cha kioo angavu, ukiache kimesimama saa moja, halafu ukitazame mbele ya karatasi nyeusi. Ukanda wa juu ulioanza kung'aa, au utando mweupe chini, maana yake HA haikutawanyika.

Kuzama kwenyewe ni kipimo cha ukubwa. Kasi ya kuzama hupanda kwa mraba wa kipenyo. Chembe ya nm 60 ikilinganishwa na bonge la maikromita 6, bonge huzama mara 10,000 upesi zaidi. Chembe za nano zilizo huru haziwezi kuzama kwa saa moja katika myeyusho mzito kama huu. Zikizama, si nano tena, haidhuru lebo ya kopo inasema nini.

Angalia kwanza mpangilio wa kuchanganya. Kumwaga poda kwenye myeyusho wa PCL ulio tayari ndilo kosa kubwa kuliko yote: ule mnato huzuia nguvu ya altrasoniki (mitetemo ya sauti isiyosikika) kupasua mabonge. Fuata mpangilio huu. Kausha HA kwa nyuzi 110 usiku kucha, iache ipoe ndani ya desiketa (chombo kisichoingiza unyevu). Itie kwenye methanoli ml 2.5 pekee, uso wa HA una vikundi vya haidroksili na huelewana na methanoli kuliko klorofomu. Iweke kwenye beseni la altrasoniki dakika 30. Ongeza klorofomu, rudia dakika 15. Sasa ndipo utie punje za PCL, huku kikorogeo cha sumaku kikizunguka, kwa saa nne au usiku kucha. Rudia altrasoniki dakika 10 kabla tu ya kujaza bomba.

Maji ya beseni yawe na barafu. Yasipopoozwa hupanda joto, klorofomu hutoroka kupitia kifuniko, na myeyusho wa asilimia 12 unageuka kuwa wa 14 bila wewe kujua. Pima uzito wa chupa kabla na baada. Ukipungua, rudishia kiyeyushi. Kifuniko kiwe chenye kitambaa cha tefloni, maana utando wa plastiki wa kufungia vyombo huyeyushwa na mvuke wa klorofomu na kudondokea ndani.

Ukifuata yote hayo na poda bado inazama, chunguza ilikotoka. HA iliyotengenezwa kwa kuchoma mifupa ya ng'ombe kwa nyuzi 800 au 900 ni nzuri kwa kazi nyingine, lakini kwenye joto hilo chembe huungana na kukua. Altrasoniki haitenganishi chembe zilizoungana kwa moto. Itabidi isagwe kwenye kinu cha mipira, na hata hapo usitegemee chekeche kukupa nano. HA iliyotengenezwa kwa kemikali majini na kukaushwa kwenye oveni nayo hushikana, ila kwa kiasi kidogo. Ikikaushwa kwa kugandishwa hubaki nyepesi na kutawanyika vizuri zaidi.

Njia ya mwisho ni kupaka chembe kitu cha kuzitenganisha, mfano asidi ya oleiki. Husaidia kweli. Lakini kama mkeka utawekewa seli, kila ulichoongeza lazima ukipime peke yake pia, la sivyo hutajua seli zimefurahia HA au zimekufa kwa sababu ya kitu ulichopaka.

Shanga kwenye nyuzi

Chini ya darubini ya elektroni, vitu viwili tofauti huitwa shanga, na tiba zake zinapingana. Shanga ya polima ni laini, imechongoka pande zote mbili, na uzi unapita katikati yake. Bonge la HA lina uso wenye chengachenga, hukaa upande mmoja wa uzi au hutokeza nje. Kama darubini ina kipokezi cha elektroni zinazorudi nyuma, kitumie: kalsiamu na fosforasi ni nzito kuliko kaboni, hivyo HA hung'aa na polima hubaki kijivu. Dakika tano za picha hizo zitakuokoa wiki nzima ya kubahatisha.

Shanga za polima husababishwa kwanza na myeyusho mwepesi. Panda kutoka asilimia 12 hadi 13, kisha 14. Pili, PCL iliyozeeka: ikikaa kwenye unyevu minyororo yake hukatika na mnato hushuka, ingawa umepima gramu zilezile. Myeyusho unatakiwa umwagike kama asali nyepesi; ukitiririka kama maji, polima imechoka. Tatu, volteji isiyolingana na mtiririko. Mabonge ya HA hayatibiwi kwa kuongeza polima. Rudi sehemu iliyotangulia, au shusha HA hadi asilimia 5 ya uzito wa PCL na uone kama yanapungua.

Kuongeza HA hubadilisha mnato na pia upitishaji wa umeme wa myeyusho, kwa hiyo unene wa nyuzi unaweza kwenda upande wowote. Usishangae kipenyo kikibadilika ukipanda kutoka asilimia 5 hadi 20. Panga mipangilio upya kwa kila kiwango.

Matone yanadondoka, koni haitokei

Kabla ya kupandisha volteji, zima na upime kwa multimita kama bamba limeunganishwa na ethi. Klipu iliyoshika foili ya alumini kwa juujuu, au iliyopata kutu, ndiyo sababu rahisi na ya kawaida. Halafu angalia klipu ya sindano: imeshika chuma, au imeshika plastiki ya shingo? Viungio vikiwa sawa, punguza mtiririko hadi ml 0.6 kwa saa na upande nusu kilovolti kwa hatua hadi tone lichongoke na kutoa mkondo mmoja. Mikondo miwili au mitatu inayocheza kwenye mdomo wa sindano ni dalili kwamba umezidisha volteji.

Mkeka mbichi, nyuzi zimeyeyukiana

Kiyeyushi hakikupata muda wa kukauka njiani. Ongeza umbali hadi sm 18, punguza mtiririko, punguza DMF. Usiharakishe kukausha kwa joto: PCL huyeyuka karibu nyuzi 60, na oveni ya nyuzi 50 tayari hulainisha nyuzi hadi zishikane. Chombo chenye ombwe kwa joto la chumba, saa 24 hadi 48, kinatosha. Kwa sababu hiyohiyo mkeka wa PCL hausafishwi kwa otoklevu (chombo cha kuulia vijidudu kwa mvuke wa moto). Utatoka kipande cha plastiki.

Nyuzi zina vitundu usoni, au matokeo hubadilika siku hadi siku

Hili ni la pwani hasa. Dar es Salaam na Mombasa unyevu hupita asilimia 70 bila shida. Kiyeyushi kinapokauka hupoza uso wa uzi, mvuke wa maji hugandamana juu yake, na kila tone dogo huacha kitundu. Wapo wanaovitaka vitundu hivyo. Usipovitaka, funga mashine ndani ya boksi la akriliki, weka kiondoa unyevu, na usubiri kipimo kishuke chini ya 50 kabla ya kuanza. Chombo cha silika jeli kinatosha kwa boksi dogo. Boksi liwe na bomba la kutolea mvuke, la sivyo methanoli itajikusanya humo pamoja na volteji kubwa.

Unyevu ukishuka chini ya 25 kuna kero tofauti: chaji haitawanyiki, nyuzi zinasimama kama manyoya juu ya bamba, nyingine zinarudi kushika pampu. Sogeza vitu vya chuma mbali, kagua ethi, na usirundike mkeka mnene mno, kwani polima ni kihami na chaji inayobaki juu yake husukuma nyuzi mpya.

HA kwenye mkeka ni pungufu kuliko uliyopima

Kwanza hesabu yako. Gramu 0.12 juu ya 1.2 ni asilimia 10 ya PCL, lakini ni asilimia 9.1 ya uzi mzima. Ripoti nyingi huchanganya hizi mbili.

Kisha pima kweli. Pasipo mashine ya kupima upotevu wa uzito kwa joto, tanuri la maabara hutosha. Kausha mkeka kwenye ombwe saa 48 ili klorofomu iishe kabisa, maana ikichomwa hutoa gesi ya asidi na fosjini, gesi ya sumu kali. Weka mg 200 kwenye kikombe cha kauri ulichokipima, choma nyuzi 600 kwa saa tatu chini ya kabati la kufyonza mvuke, poza, pima majivu. Unatarajia takriban mg 18. Ukipata 11, uzi una asilimia 5.5 tu. Choma pia HA tupu na PCL tupu ili ujue kila moja inapoteza na kubakiza kiasi gani.

Chukua vipande vitatu: vya mwanzo, katikati na mwisho wa usokotaji. Vikitofautiana, HA inatulia ndani ya bomba wakati wa kazi. Tumia ml 2 kwa mkupuo badala ya 10. Vyote vitatu vikiwa na upungufu uleule, HA ilibaki chupani au imeyeyuka.

Kuyeyuka? Ndiyo, kwa waliokimbia klorofomu na kuhamia asidi ya fomiki au ya asetiki. Nyuzi hutoka nyembamba na za kupendeza, lakini haidroksiapataiti huyeyuka kwenye asidi, na kinachojitokeza baadaye kinaweza kuwa fosfeti nyingine ya kalsiamu, si HA uliyonunua. Asidi ya fomiki pia hukata minyororo ya PCL, kwa hiyo mnato hushuka saa kwa saa. Ikibidi kuitumia, thibitisha madini kwa mionzi ya eksi kwenye mkeka wenyewe. Uwiano wa kalsiamu kwa fosforasi wa HA safi ni 1.67, ukikaribia 1, umepata kitu kingine.

Mlio wa kukwaruza, mwanga wa zambarau, cheche

Hapa hakuna kujaribu-jaribu. Zima kwenye swichi ya ukutani, si kwenye kitufe cha volteji peke yake. Subiri dakika kadhaa, gusisha sindano na bamba kwa fimbo ya ethi yenye mpini wa kihami, ndipo usogee. Methanoli hushika moto hata kwenye joto la chumba, na cheche moja yatosha.

Ukiwa umeshazima, kagua: umbali usiwe chini ya sm 10, ncha zenye makali zisiwe karibu na sindano, waya usiwe na ganda lililopasuka. Ukikuta kosa dhahiri, rekebisha. Usipolikuta, usiwashe tena.

Ita fundi wa vifaa vya volteji kubwa iwapo: kisomeo cha volteji kinarukaruka bila mzigo, pawa saplai inajizima mara kwa mara, unasikia mtekenyo wa umeme ukigusa pampu au meza, au ethi ya jengo haijawahi kupimwa. Fundi wa kawaida wa nyumba anaweza kupima ethi, lakini pawa saplai isifunguliwe naye wala na wewe. Kapasita za ndani hubaki na chaji hata plagi ikiwa mkononi. Mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asikae kwenye chumba hicho kabisa.

Kuhusu kemikali, toka nje na umwite msimamizi wa usalama ukisikia kizunguzungu au harufu tamu nzito ya klorofomu nje ya kabati. Glavu za naitrili huipitisha klorofomu kwa muda mfupi sana. Ikimwagikia, vua papo hapo, usimalizie kazi kwanza. HA kavu ipimwe chini ya kabati, ukiwa na barakoa ya kuzuia vumbi laini.

Mabaki yenye klorofomu yawekwe kwenye chupa yake, yenye lebo. Usiyachanganye na asetoni ya kuoshea sindano: klorofomu na asetoni zikikutana na alkali kali, hata mabaki ya sabuni ya alkali kwenye chupa, huweza kuchemka ghafla na kupasua chombo.